Ndege ni Saa Tano

Doha, 18 Aprili 2024

Mama Gershom wangu,

Shikamoo. Habari za Garsen, habari za cherehani, habari za maji? Huku tunaona picha za mto kwenye simu na roho zinatuenda mbio.

Nakuandikia kwa utaratibu wetu ule ule: naandika kwa mkono, natuma picha kwa simu, nawe unaichapisha kwenye karatasi. Mama nikimpigia simu analia tangu haloo mpaka salio linaisha, na hakuna tulichoambiana. Kwa hiyo mwite, mkalishe, msomee. Ila katikati ya karatasi nimechora mstari. Yaliyo chini ya mstari ni yako peke yako.

Mama, mimba yangu ina miezi minane. Nataka uje ukae nami nikijifungua. Visa ipo, na pasipoti ile tuliyoihangaikia mwaka jana bado ni nzima. Usiogope umbali. Kutoka Nairobi hadi Doha ni kama kilomita elfu tatu na mia nne, lakini ndege ni saa tano tu. Hata majira yetu ni mamoja, kwenu ikiwa adhuhuri na huku ni adhuhuri. Kutoka Garsen kwenda Nairobi utachoka kuliko kutoka Nairobi kuja kwangu. Njoo, mama. Nimeshakutandikia kitanda.

________

Mama Gershom, kondo la nyuma limekaa pabaya, limeziba njia. Mimi ni nesi, mambo haya nayajua, na ndiyo maana silali. Wamepanga kunipasua tarehe sita Mei. Wawili wa kwanza nimewazika, wewe ulikuwepo. Sadik ni mume mwema, lakini akiona damu anakaa chini kabla yangu. Nataka mama awepo. Usimwambie sababu, asije akapandwa na presha. Umenilea miaka minne ya sekondari ndani ya nyumba yako, unajua jinsi ya kusema naye.

Kadra


Garsen, 21 Aprili 2024

Kadra mwanangu,

Marahaba. Maji yameingia kwa jirani; kwangu yamesimama kizingitini kama mgeni anayengoja karibu. Simkaribishi.

Mamako amekuja leo kwa mtumbwi kutoka ng'ambo ya Gamba. Kafika, kaketi kwenye kiti cha wateja, nguo za watu kazisukuma pembeni, kasema, “Haya, soma.” Nikasoma. Sasa ananiambia niandike kama anavyosema na nisipambe, maana anasema mimi napamba hata barua kama ninavyopamba kola. Haya, maneno yake ni haya:

“Kadra, mimi mzima. Ng'ombe tumewahamisha juu, mbali na maji. Rosina amesoma kilomita elfu ngapi sijui. Mimi sijui kilomita. Niambie, kutoka Nairobi mpaka kwako kuna visima vingapi njiani? Wenyewe ni akina nani? Njia isiyo na maji sisi hatuifuati, hilo unalijua. Na ndege sipandi. Mtu akianguka kutoka huko juu ataokotwa na nani? Utazaa salama, Mungu yupo. Nikija huko nani atakamua? Mjomba wako Huka anakamua kama anayegombana na ng'ombe. Nakupenda. Sipandi.”

Dole gumba kaweka mwenyewe hapo pembeni, ukiona doa la wino ujue ndilo.

Sasa ni mimi Rosina, yeye ametoka kwenda kuswali. Nimemwambia, Darmi we, angani hakuna kisima lakini kuna mabinti wanakuletea maji mpaka kitini. Akaniuliza, “Maji ya nani?” Nikarudi kwenye cherehani. Hilo la saa tano ndilo pekee lililompendeza. Alisema angalau hapo wametumia akili. Tushukuru kwa hilo, mengine niachie mimi. Halafu wewe nawe unanihesabia Nairobi na Doha! Nani atanihesabia Gamba na Garsen? Siku hizi ni nusu siku ndani ya mtumbwi, na nyoka nao ni abiria.

Yale ya chini ya mstari nimeyasoma. Nimeyakunja rohoni. Kula vizuri, lala kwa ubavu, na uache kusoma vitabu vya magonjwa.

Mama Gershom


Garsen, 24 Aprili 2024

Kadra,

Mamako amenishinda. Nakuandikia haraka, utavumilia mwandiko.

Leo amerudi tena, maji yote yale. Hakunisalimu sawasawa. “Rosina, toa ile barua ya mtoto. Soma tena.” Nikasoma. Nilipofika kwenye mstari nikakohoa, nikaikunja karatasi kama nilivyofanya ile siku ya kwanza. Akanitazama, akasema, “Sasa soma na pale ulipokohoa.”

Nikamwambia pale ni salamu zangu tu. Akasema, “Salamu za mtu mmoja hazijazi nusu ya karatasi. Kusoma sijui, Rosina, lakini wino nauona.”

Nisamehe, mwanangu. Nimemsomea yote. Hakulia. Akakaza mtandio, akainuka. “Mwambie nakuja.” Nikamuuliza, na ndege? “Nimesema nakuja.” Na ng'ombe? “Huka atagombana nao.” Nikamwambia haya, na visima? Akanijibu kwa Kiorma neno ambalo sitaliandika kwenye barua ya mjamzito.

Kata tiketi upesi kabla hajajikumbuka.

Mama Gershom


Doha, 26 Aprili 2024

Mama Gershom,

Ahsante. Ahsante hata kwa kunivunjia siri. Barua yako nimeisomea kazini, ndani ya stoo ya mashuka, nikacheka na kulia kwa pamoja mpaka mwenzangu akadhani uchungu umeanza.

Unajua tangu nifike nchi hii sijawahi kuomba kitu nikapewa haraka namna hii? Nimezoea kujaza karatasi na kungoja. Kumbe Garsen nina watu ambao mtu akikunja barua wanaifunua, akisema nakuja anakuja. Usiku wa jana nimelala, Mama Gershom. Nimelala mpaka jua likanikuta.

Sadik ameshakata tiketi, nakutumia picha yake pamoja na barua hii. Ni Ijumaa tarehe tatu Mei, siku imeandikwa na saa imeandikwa. Hakikisha yuko uwanjani saa tatu kabla, kwa sababu ya ukaguzi. Mwombe Gershom ampokee pale Nairobi na amfikishe, nami nitamshukuru maisha yangu yote. Na mwambie mama maji ya ndegeni si ya mtu mmoja, ni ya abiria wote, na hakuna atakayemdai kesho.

Kadra


Garsen, 2 Mei 2024

Kadra mwanangu,

Kaondoka! Asubuhi hii nimempandisha basi kwa mikono yangu, na utingo nimemwonya kwamba akimpoteza huyu mama asirudi Garsen tena. Atashuka Mombasa, atapanda la usiku, na kesho kukipambazuka Gershom atakuwa stendi ya Nairobi akimngoja. Atampa uji, saa tatu watakuwa uwanjani kama ulivyosema, na saa tano ndege hiyoo. Nimepanga kila kitu, usiwe na wasiwasi.

Amebeba samli chupa mbili kwa ajili yako, amezizungushia kanga mpaka zimekuwa kama mtoto mchanga. Nguo zake mwenyewe ni pea mbili. Nikamwambia, Darmi, unakwenda kwa watu, beba hata gauni lile nililokushonea Idi. Akasema gauni amelivaa ndani ya lile lingine, kwa sababu huko juu kuna baridi. Aliyemwambia hivyo ni nani, sijui.

Wakati basi linaondoka alitoa mkono dirishani, nikaushika, nikatembea nalo mpaka nikashindwa. Tangu asubuhi sijashona kitu. Kiti cha wateja kimekaa wazi, sikitazami.

Umekaa kimya tangu Jumatatu. Najua ni kazi, lakini nijibu hata neno moja.

Mama Gershom


Doha, 3 Mei 2024, asubuhi saa kumi na mbili na nusu

Mama Gershom,

Shikamoo. Ni mimi Sadik. Simu ya Kadra ninayo mimi. Alilazwa Jumanne kwa kutokwa damu, akanikataza kuwaambia ili mama asisafiri na hofu. Nimeshinda naye na kukesha naye, na barua yako ya jana nimeifungua sasa hivi.

Mama Gershom, ndege haikuwa saa tano. Kwenye tiketi pameandikwa 05:25. Hiyo ni saa kumi na moja na dakika ishirini na tano, alfajiri. Imeshaondoka. Saa tano ni mwendo wake angani, ndivyo Kadra alivyomaanisha. Na alitaka mama afike uwanjani muda wa saa tatu kabla ya kuondoka, si saa tatu asubuhi.

Nimekata nyingine ya kesho. Lakini damu imerudi, nyingi, na madaktari hawangoji tena tarehe sita. Wanampasua asubuhi hii. Kila nikiingia ananiuliza, “Mama ameshapanda?” Sijui nimjibu nini. Nimezoea kuendesha magari ya watu, sijazoea mambo haya. Tafadhali niambie la kusema.

Sadik


Garsen, 3 Mei 2024

Sadik mwanangu,

Usimdanganye. Msomee hii kama nilivyoiandika, na usiruke hata neno.

Kadra,

Mamako hayumo ndegeni. Kosa ni langu. Niliona tano kwenye barua, nikaona tano kwenye tiketi, nikaridhika. Mimi, ninayepima kitambaa cha watu mara mbili ndipo nishike mkasi! Nimesema na Gershom sasa hivi. Mamako ameshuka basi salama, yuko nyumbani kwao, Josephine mkewe amempa chai. Ameambiwa yote. Amesema Nairobi hatoki ila kwa kwenda juu. Atapanda ya kesho.

Lakini wewe unaingia leo, na leo yeye hayupo. Basi leo nipo mimi.

Sikukuzaa, hilo linajulikana. Siku mamako alipokuleta kwangu uanze kidato cha kwanza, alisimama mlangoni hataki kuuliza, nami nikamjibu kabla hajauliza. Nikamwonyesha sufuria mpya, ya kwako, nimeitundika msumari wake peke yake. Miaka minne sikupika kuku ndani ya nyumba hii asiyechinjwa na Abdirizak wa duka la pili. Gershom alilalamika, anasema sisi Wakristo tunangoja kisu cha Abdirizak mpaka njaa inatuua. Nikamwambia atangoja, dada yake anakula hapa. Ulipougua malaria ulilala nami kitandani, umenishika sikio usiku kucha, ukidhani ni la mamako. Asubuhi lilikuwa jekundu. Sikukutoa mkono.

Nishike sikio na leo. Wakikulaza pale juu kukupa dawa ya usingizi, wakakuambia uhesabu, usihesabu, niite mimi. Niko macho. Cherehani nimeifunga. Mlango nimeuacha wazi, maji yakitaka kuingia yaingie, sina kazi nyingine leo ila wewe. Nasali kwa namna yangu, na Abdirizak nimemgongea dukani asali kwa namna yenu, naye amefunga duka.

Unaogopa. Ogopa tu, hakuna anayekukataza. Ingia ukiogopa. Toka na mtoto, mwanangu. Na ukitoka bila mtoto, toka vivyo hivyo, njoo. Tunakutaka wewe.

Mamako wa Garsen,
Rosina


Doha, 12 Mei 2024

Kwa Rosina, mama yake Gershom,

Mimi ni Darmi. Nasema kwa Kiorma, Kadra anaandika kwa Kiswahili. Nimemwambia asipambe.

Rosina, nimefika. Mtoto ni msichana, yuko hai, tumempa jina la Abdia. Ni mdogo, mkono wake mzima unaingia ndani ya kiganja changu na nafasi inabaki, lakini akilia, walioko nje wanageuka. Mama yake alipoteza damu nyingi, wakamwongeza ya watu wengine. Nimeuliza damu hiyo ni ya nani nikamshukuru, wakasema hawajui. Basi nimeshukuru kila ninayekutana naye, hata mfagiaji.

Ndege nimepanda. Nilifumba macho wakati wa kupaa, nikayafumbua baadaye, nikachungulia. Njia nzima ni mchanga, kisima sikuona hata kimoja. Ng'ombe wasingefika. Binti alileta maji kila nilipomtazama, na kweli hakuna aliyenidai. Kwa umbali ule, nilidhani nitahisi kitu mwilini, kama miguu kuuma. Sikuhisi kitu. Nilihisi mbali zaidi pale Nairobi, siku ile niliyokaa kwa mwanao nikijua mtoto wangu anapasuliwa nami niko kwenye kochi.

Mwambie Gershom ahsante. Mwambie Josephine ahsante mara nyingi. Walinipa kitanda chao, wenyewe wakalala chini. Josephine alinionyesha upande wa kuswali kabla sijamuuliza, na simu alikuwa ameishika mkononi mchana kutwa, haiweki chini hata akikoroga ugali. Sadik alipopiga kusema mtoto amelia, mtu wa kwanza kupiga kelele alikuwa Josephine, mimi nikafuata.

Juu ya ile saa, usijitese. Kadra kaandika saa tano, wewe ukasoma saa tano, mimi nikasema saa tano ni nzuri, jua litakuwa limetoka. Kosa la watu watatu hilo, kila mmoja na lake. Nimesikia huli vizuri kwa sababu ya jambo hili. Kula. Nikirudi nikikuta umekonda tutagombana.

Mtoto huyu ana bibi wawili. Mmoja alipanda ndege, mwingine ndiye aliyempandisha. Nimemaliza. Huka akija mjini muulize habari za ng'ombe mwekundu.

Darmi


Sasa ni mimi Kadra. Mama amekwenda kumwogesha Abdia kwa samli, manesi wenzangu wamesimama wanatazama.

Mama Gershom, nilipewa simu yangu siku ya pili, nikasoma tangu mwanzo barua tulizoandikiana. Nikaona mwandiko wangu mwenyewe: ndege ni saa tano tu. Ningeongeza neno moja, mwendo, haya yote yasingekupata. Nisamehe wewe. Nilikuwa nimejaa hasira asubuhi ile, nakiri, pale pale niliposikia nikaanza kuandaa maneno ya kukuambia, tena makali.

Sadik alinikuta kwenye korido, nimeshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, mlango wa upasuaji uko wazi. Akaniambia mama hakupanda, saa ya tiketi ilisomwa vibaya. Sikulia, niligeukia ukutani tu. Akasema kuna barua. Nikamwambia aiache, akakataa, mara yake ya kwanza kunikatalia kitu tangu anioe. Akaanza kusoma. Nesi mmoja Mhindi alikuwa anatusukuma, Kiswahili hajui hata salamu, lakini aliposikia ile sauti akasimamisha kitanda, akainua kidole kuwazuia wa ndani wangoje. Wakangoja. Sadik alisoma mpaka mwisho akilia, na damu ilikuwepo pale pale mbele yake, wala hakukaa chini.

Halafu wakaniingiza. Wakaniambia nihesabu. Sikuhesabu.

Ahsante kwa sufuria. Ahsante kwa Abdirizak na duka lake. Ahsante kwa kutonificha kitu siku ambayo kila mtu alikuwa ananificha. Tangu usiku ule damu iliporudi nilikuwa naita mama, Mama Gershom. Wewe ndiye uliyeitika.

Mwanao,
Kadra